Mpokea Simu Anayezijua Njia za Rhode Island Zisizo Kwenye Ramani

Saa moja na robo asubuhi, taa nyekundu inawaka mbele ya Dolores Furtado, mpokea simu za dharura, na kabla hajamaliza salamu, sauti ya bibi mmoja inamkatiza.

"Mume wangu kazama! Barafu imempasukia! Njooni upesi, mwanangu, njooni!"

"Uko wapi, mama?"

"Bwawani! Nyuma ya pale palipokuwa kwa Lamontagne, kabla hujafika kwenye kinu kilichoungua!"

Dolores, mwenye umri wa miaka 61, anatupa jicho kwenye skrini. Ramani inaonyesha simu inatoka jimbo jirani la Massachusetts. Kanuni hapo haina mjadala: simu ya jimbo jingine huhamishiwa jimbo jingine, na kidole chake kiko tayari juu ya kitufe.

Habonyezi.

Rhode Island ndilo jimbo dogo kuliko yote Marekani. Urefu wake ni maili 48, upana 37, na ghuba imeingia katikati ikalimega. Ukipiga simu kwenye kona ya kaskazini-magharibi, mnara wa simu wa jimbo jirani huweza kuidaka kama kuku wa jirani anavyodokoa mtama wako.

Na watu wa huku nao wana yao. Ukiwauliza njia hawakutajii kilichopo, wanakutajia kilichokuwapo: pinda palipokuwa na duka la viatu, pita kanisa lililobomolewa. Mgeni atazunguka mpaka petroli imwishie. Wenyewe wanaelewana.

Bibi wa kwenye simu ni Claire Thibault, miaka 69. Yeye na mumewe Raymond walilala usiku kwenye kibanda cha rafiki yao ili wavue samaki kwenye barafu. Kibanda hakina namba, wala jina la barabara halijui.

Dolores anajua kwamba kina Lamontagne walikuwa wawili, ndugu wasiosalimiana, mmoja kila upande wa mpaka. Akikosea, gari la zima moto litapoteza dakika ishirini, na Raymond hana dakika ishirini.

"Mama, nisikilize. Lamontagne yupi? Wa matairi au wa aiskrimu?"

"Wa aiskrimu! Wa matairi nani atamtaja, mwizi yule!"

Basi ni mji wa Burrillville, upande wa huku. Dolores anawapa zima moto wa hapo maelekezo kwa sentensi mbili: njia ya kinu, kibanda nyuma ya uwanja mtupu palipokuwa na aiskrimu. Anarudi kwa bibi, na masikioni inaingia sauti nyingine. Kra. Kra.

"Mama, umesimama wapi?"

Kra, mara ya tatu.

"Mama Claire!"

"Nipo ukingoni."

"Mwongo wewe! Nasikia barafu inalia. Rudi, tena sasa hivi!"

"Ananiangalia, mwanangu. Ananiangalia na mimi nimesimama tu!"

"Ukizama na wewe, nani atawaonyesha alipo? Rudi nchi kavu. Mwongeleshe kutoka huko huko, asilale. Mtie hasira!"

Bibi anavuta pumzi.

"Raymond! Weka viwiko juu ya barafu, mzee mjinga! Ukifa leo mashua yako nampa jirani yako Normand! Bure, unasikia? Bure!"

Kutoka mbali sauti ya mwanamume inajibu kwa tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Dolores anafumba macho, anamshukuru Mungu.

Dakika kumi na moja baadaye wazima moto wawili, kamba kiunoni, wanajiburuta kifudifudi juu ya barafu na kumtoa. Yuko hai. Papo hapo taa nyingine inawaka: mtoto kameza sarafu, mji wa Warwick. Mpaka saa tisa alasiri Dolores atakuwa amepokea simu zaidi ya mia moja.

"Hofu hunijia nikifika kwenye gari," anasema. "Hapa kitini haina ruhusa."

Siku za mapumziko huzunguka jimboni na daftari, akiwauliza wazee nini kilikuwa wapi, aache maandishi kwa vijana watakaokalia kiti chake. Jimbo lina miji 39, amemaliza 22. Mumewe humcheka kwamba anafungasha chakula kwa safari ya nusu saa. Mkuu wake naye alimwambia mtambo wa ramani hauna nafasi ya mahali pasipokuwepo.

"Nikamwambia, bosi, jana tu umenielekeza nyumbani kwako kwa kunitajia benki iliyofungwa mwaka 1994!"

Lakini daftari hilo lilizaliwa na kosa. Mwaka 2003, mwanamke wa mji mmoja mashariki ya ghuba alimwambia wako ng'ambo ya palipokuwa na gereji ya Sousa. Dolores hakuijua, akaifuata skrini. Gari la wagonjwa likaenda nyumba nyingine. Mume wa yule mwanamke, dereva wa lori wa miaka 51, alikata roho kwenye sakafu ya jiko, moyo umesimama.

"Hakuna aliyenilaumu," anasema. "Afadhali wangenilaumu."

Atastaafu mwezi wa sita. Ukurasa wa mji ule bado mtupu; kila mara anauruka, ingawa ni mwendo wa dakika thelathini na tano tu kutoka kwake. Mjane bado anaishi nyumba ile ile. Jumamosi ijayo Dolores anataka kwenda kumbishia hodi, ajitaje jina, kisha amwombe amwonyeshe gereji ya Sousa ilikuwa wapi.