Nilikataa kutia saini kwamba ni mimi niliyeunguza koili ya simu Amu

Assalaam aleikum wakuu.

Nachapa polepole, kidole kimoja, na kusoma kwangu kuliishia msingi. Nivumilieni. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Juzi humu mtu alicheka eti dhoruba ya jua haiwezi kuzima stima. Ndiyo maana leo nimeamua kusema.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana, nilikuwa karani wa simu ya waya hapa Amu, yaani Lamu. Simu ile haikuwa ya kuongea. Tuligonga kitufe, na mwenzetu wa Malindi akasoma milio yetu herufi kwa herufi. Waya ulipita bara, nguzo baada ya nguzo.

Nilikuwa na haya sana. Mteja akiniuliza bei, namwonyesha ubaoni kwa kidole.

Asubuhi moja, saa nne, kitufe kikaanza kutoa cheche chenyewe. Nikasoma Ayatul Kursi, kisha nikachomoa betri zote za laini.

Cheche hazikukoma! Koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mashine, ikaungua, karatasi ikashika moto, nikaizima kwa kofia yangu.

Msimamizi wetu, mtu wa kuja, akatoka chumbani kwake akifoka.

"Umeunganisha vibaya!"

"Betri ziko chini, Bwana."

Akainama, akaziona. Akatazama mshale wa kupimia umeme. Unakwenda kushoto, unarudi kulia, na hakuna aliyeupa umeme. Tuliutazama hadi adhana ya adhuhuri.

Jioni ulitulia, tukafunga koili ya akiba. Malindi wakagonga: kwao ni vilevile, hata redio za meli zimekufa, na wataalamu wanasema ni jua.

Nikadhani yamekwisha.

Kesho yake msimamizi akaniwekea karatasi. Imeandikwa kwamba mimi, Athmani, nimeunguza koili kwa uzembe. Nikitia saini, nitapelekwa Faza kubeba barua. Nikikataa, sina kazi.

"Lakini uliona, Bwana."

"Niliona. Wakubwa wanataka jina la mtu."

"Basi andika Jua."

Bwana Shee, karani mzee wa meza ya pili, akaangua kicheko. "Lo! Na huyu, hata kuku akiingia ndani, hamwambii toka!" Kisha akaniinamia sikioni. "Tia saini, mwanangu, ushike ndia yako ya Faza."

Nikaisukuma karatasi upande wa msimamizi, kalamu juu yake.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Nikaenda Pate kulima tumbaku, na sijutii.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Dhoruba ya jua huutikisa usumaku wa dunia, na waya mrefu hujikuta una umeme ambao hakuna aliyeutia. Wetu uliunguza koili tu. Leo laini za stima ni ndefu kuliko ule, na mwisho wake kuna transfoma kubwa zisizopatikana dukani. Ikiungua moja, hospitali na mafriza ya samaki yatangoja kwa muda gani? Asiniambie mtu haiwezekani. Nilikuwepo.

Wahandisi mliomo humu, msipite kimya, andikeni hapa chini. Siku hiyo ikija, mna mpango wa kupunguza mzigo wa laini mapema, au mtatafuta jina la mtu?

La kwangu hamlipati.