Nyasi Juu ya Mabati

Wanaokaa juu, Iringa mjini, husema joto ni mambo ya pwani. Waje wakae Ipogolo mwezi wa Novemba kabla mvua haijanyesha, ndipo watapata akili. Upepo wote unabaki kule kileleni kwa wakubwa. Huku bondeni tunaachiwa jua na vumbi la malori. Siwema alizaliwa huku huku. Baba yake alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyefuata biashara akasahau kurudi, mama yake Mhehe. Kwa baba alirithi sala na mkono wa pilau, kwa mama alirithi udongo.

Nasema udongo, sitanii. Tembe la Kihehe lina paa bapa la miti na nyasi, juu yake udongo wa kina cha dhiraa, na ukilikandika vizuri, hata adhuhuri unaweza kujifunika shuka ndani. Siwema alijua udongo wa kichuguu uchanganywe na kinyesi cha ng'ombe kiasi gani, na ufa mdogo kama ukucha uzibwe siku hiyo hiyo. Kila ulipokaribia msimu wa jua watu walimwita, Waislamu kwa Wakristo. Mumewe Bushiri alipokufa, udongo huo ndio uliomlisha mwanawe wa pekee, Muharami, mpaka akawa dereva wa lori.

Naye Muharami alilipa fadhila kwa mabati.

Mwaka wa hamsini na tano alijenga kando ya barabara nyumba ya vyumba vitatu, paa bati tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, iking'aa hata ukiwa mbali kule mlimani. Madereva wenzake wakipita walipiga honi. Muharami akisikia honi ni kama amekula akashiba.

"Mama, hamia huku," alisema. "Mama wa dereva kukaa kwenye udongo, watu wananicheka."

"Wacha wacheke, baba. Mimi nalala usingizi."

Basi mkewe, Jaha, akapata mimba, na hesabu ya miezi ikaangukia Novemba. Hapo Siwema alianza kukosa usingizi, tembe au si tembe. Kwa desturi yao mzazi na kichanga hukaa ndani siku arobaini, hawatoki uani wala kibarazani. Siku arobaini za Novemba chini ya bati! Akamwomba mwanawe amruhusu Jaha akajifungulie kwenye tembe lake, hatua thelathini tu kutoka pale. Muharami akauliza kwa nini basi yeye alijenga nyumba, kama mtoto wake atazaliwa kwenye banda la udongo.

Siwema hakubishana. Alifanya kazi yake. Tangu Agosti alikandika kuta za nyumba ya mwanawe mara mbili, akazipaka udongo mweupe kwa nje upande wa magharibi. Alitoboa matundu juu ya ukuta, chini kidogo ya bati, joto lipate pa kutokea. Akatafuta magunia ya kutundika madirishani, yaloweshwe kila yakianza kukauka, na mitungi miwili ya maji ya kumwagia sakafu. Muharami aliposafiri kwenda Mbeya, alimwita jirani yake Matilda, mke wa katekista, wakakata nyasi wiki nzima. Wakazifunga mafungu, wakazipandisha juu ya bati, wakazikandamiza kwa miti.

Muharami alirudi akaona nyumba yake ya bati imevaa nyasi. Alishuka kwenye lori akipiga kelele. Mama yake alimshika mkono, akamwingiza chumba cha ndani saa nane mchana, akamwacha asimame humo. Akausikia ubaridi wa humo, akatoka asiziguse nyasi. Siku tatu baadaye Jaha akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Bushiri kama babu yake, na siku sita mtoto yule alinyonya na kulala kama kawaida ya watoto.

Ya saba ilikuwa siku ya akika. Mbuzi wawili, sufuria tatu za pilau, wageni kutoka Mlandege, na madereva. Alfajiri Muharami alimfuata mama yake jikoni, mpole kama alipokuwa mdogo.

"Mama, kwa leo tu tuziondoe nyasi. Wageni waone nyumba. Adhuhuri nazirudisha mwenyewe."

Siwema alitazama uso ule. Miaka kumi na minane alikuwa hajaombwa kitu kwa sauti ile. "Adhuhuri, Muharami," akasema. "Isipite."

Nyasi zikashushwa, zikarundikwa uani. Bati likatoka liking'aa. Wageni wakalisifu, na lori lililopita likapiga honi mbili. Mtoto alitolewa mlangoni, akanyolewa, akaombewa dua, akarudishwa ndani kwa mama yake amefungwa nguo tatu asipatwe na upepo. Upepo gani, Mungu wangu?

Adhuhuri ilikuta wanaume bado wanasubiri chakula, wamekalia mafungu ya nyasi kivulini. Moto wa sufuria kubwa ulikuwa unafifia. Mwanamke mmoja akatupa fungu chini ya sufuria, likashika vizuri, akaongeza la pili. Siwema aliona. Alizijua nyasi zile kwa fundo la kamba, kwa maana alilifunga yeye. Akafungua mdomo, akawatazama wageni wenye njaa, akaufunga. Akachukua mwiko akageuza wali. Na wa kulowesha magunia ni nani, ikiwa yeye yuko kwenye sufuria?

Dufu likaanza. Jaha alisema baadaye kwamba aliita mara mbili, kisha kichwa kikamzunguka, akapitiwa.

Siwema alipoingia, alasiri imekwisha kuadhiniwa. Magunia yalikuwa makavu, na joto lilimpiga usoni mlangoni kama la tanuri la mkate. Mtoto alikuwa mwekundu, hana hata tone la jasho. Alimvua nguo zote, akampangusa maji, akamtia matone mdomoni kwa kidole. Matone yakatoka pembeni. Jua lilipozama, Bushiri mdogo alikuwa ameshakufa, na nje watu walikuwa bado wanaosha sahani.

Walimzika asubuhi. Wanawake walipokuja msibani, hakuna aliyeweza kukaa ndani ya nyumba ile; wote walitandika mikeka kwenye tembe la Siwema. Mmoja alianza kusema, "Majuto ni mjukuu—" akakatisha, akajishika mdomo. Siwema alimsikia. Hakumchukia. Alijichukia yeye mwenyewe, kwa sababu Muharami hakulijua joto, lakini yeye alilijua, akalinyamazia kwa aibu ya wageni.

Baada ya kupika chai alichukua shuka, akaenda nyumba ya bati, akamfunika Jaha toka kichwani akamwongoza kuvuka uani mchana kweupe.

"Mama, arobaini zangu hazijatimia," Jaha alisema.

"Utazimalizia kwangu, mwanangu."

Zilibaki thelathini na tatu. Kifua chake kilikuwa kimejaa maziwa.

Siwema alipotoka nje alimkuta Muharami juu ya ngazi, amebeba nyasi mpya alizokata mwenyewe, mikono imechanika, analia waziwazi.

"Shuka," alimwambia.

"Mama, nazirudisha. Nilisema nitazirudisha."

"Umrudishie nani? Humo hamna mtu. Shuka, baba. Ulitaka bati lionekane. Liache lionekane."

Alishuka, akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Lori likaja kutoka upande wa Mbeya, dereva wake hajapata habari. Akaliona bati, akapunguza mwendo, akampigia Muharami honi.