Nilivyokwenda kumfumania mume wangu Iringa nikiwa na mwiko kikapuni

Wakuu, kamwene. Hiyo ni salamu ya kwetu Iringa, kwa wasioijua.

Mimi ni bibi mtu mzima, akaunti kanifungulia mjukuu. Nyuzi zenu za michepuko nazisoma, na nyingi naona ni chai tupu. Hii yangu si chai. Mashahidi wengi wameshatangulia mbele ya haki, lakini mimi nipo na akili zangu timamu.

Ni habari ya marehemu mume wangu, Baba Atupele. Ilikuwa miaka ya sabini, tunaishi Mwanjelwa, Mbeya. Yeye alikuwa dereva wa roli, anabeba mbolea na mahindi kati ya Mbeya na Iringa.

Jamani, huyu mtu alipenda kula!

Akitoka safari hasalimii mtu, anafunua sufuria kwanza. Mchele ni wa Rujewa tu, na kabla hajanunua anaunusa mpaka wenye mashine wanamcheka. Wenzake mfukoni mwa shati walichomeka kalamu, yeye aliweka pilipili. Akishiba anaimba, watoto wanamdandia mgongoni, nyumba nzima inachangamka. Nilimpenda kwa hilo na mpaka leo nampenda.

Sasa kuna kitu lazima mkijue kwanza.

Ndoa yetu ilianza na ugomvi. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Baba wadogo wakakubali posa, mama akagoma. Eti Mnyakyusa, tena dereva, tena Mbeya kote huko. Siku naondoka hakutoka jikoni kuniaga.

Nikaapa sikanyagi kwake mpaka aniite. Hakuniita. Mume wangu nikamkataza hata kumtaja. Siku moja alimtaja, nikasusa kupika. Kwa mtu kama yule hiyo ni sawa na kifungo, hakurudia.

Miaka ikaenda, watoto wakapatikana. Halafu Baba Atupele akaanza kubadilika.

Akirudi kutoka Iringa anadonoa kidogo, anasukuma sahani. Mtu wa kulamba bakuli! Nikajiuliza, huyu kashiba wapi?

Nikanusa shati. Moshi wa kuni. Nikasema hapa hakuna hoteli, huyu analishwa nyumbani kwa mtu.

Wakati ule sukari ilikuwa ya foleni. Nikaanza kulitazama kopo, na kila akisafiri naliona limepungua. Chini ya kiti cha roli nikakuta kitenge kipya. Nikangoja anipe. Safari iliyofuata kitenge hakipo, na mimi sijakivaa.

Kilichonimaliza ni mboga. Siku hiyo nimepika majani ya maboga, nimeunga kwa karanga. Akaonja, akasema:

"Mama Atupele, hivi ungeunga kwa mbegu za maboga si ingekuwa tamu zaidi?"

Wakuu, tangu niolewe sikuwahi kumpikia mboga ya mbegu za maboga. Hicho kilikuwa chakula cha kwa mama, nilikiacha pamoja na mama mwenyewe. Kumbe mchepuko ni Mhehe mwenzangu! Niliumia mara mbili.

Jirani yangu Bi Zuhura, muuza vitenge sokoni, mtu wa asili ya pwani, ndiye aliyenipa data. Alikuwa anatoka Iringa, basi likapata pancha kwenye kijiji kimoja. Akaliona roli letu limeegeshwa, akaenda kumsalimia shemeji yake.

"Shoga, sikutaka kukwambia," akasema. "Shemeji kakaa nyuma ya nyumba, kaupa mlango mgongo. Mwanamke katoka kajifunika gubigubi, kaweka bakuli chini, kakimbilia ndani. Hawasemeshani! Watu wema wanajificha hivyo?"

"Ni msichana?"

"Uso sikuuona. Ila anatembea kwa madaha."

Hata Bi Zuhura mwenyewe nikamshuku kidogo. Mtu wa pancha gani anachungulia muda wote huo?

Safari iliyofuata ya mume wangu nikamwachia Bi Zuhura watoto, nikapanda basi la asubuhi nimtangulie. Kwenye kikapu niliweka nguo zangu zote, maana nikishamwona huyo mwanamke sikupanga kurudi kwenye ile ndoa. Juu ya nguo nikaweka mwiko wa ugali, ule mkubwa.

Kuanzia Uyole nilikuwa napanga maneno. Kila mwanamke mzuri aliyepanda nilimkagua.

Nikashuka kabla ya Iringa mjini, penye mikaratusi kama nilivyoelekezwa. Kilikuwa kijiji kipya, wakati ule watu walihamishwa kutoka mashambani wakapangwa kando ya barabara. Sikumjua mtu. Nikajibanza.

Roli likaja. Baba Atupele akashuka, akatoa kitana, akachana nywele kwenye kioo cha roli. Anachana mpaka kisogoni! Mimi nyumbani ananijia na vumbi lake. Nikazidi kuwaka.

Akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni. Mwanamke akatoka na bakuli. Kajifunika kitenge, kile kile.

Nikachomoka. "Leo utanitambua!" Mwiko juu, mkono wa pili nikavuta kitenge.

Mama yangu mzazi.

Neno lake la kwanza kwangu tangu niolewe lilikuwa hili:

"Nirudishie nguo we mtoto, mkwe ataniona!"

Na yule mlaji wala hakugeuka. "Mama Atupele, mimi sigeuki, mkwe yuko hapo. Kama ni kunipiga, zunguka uje huku mbele."

Kwa wasiojua, kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso, na mkwe hali mbele ya mama mkwe. Bi Zuhura aliona heshima akadhani ni dhambi. Yeye si mila zake. Lakini mimi Mhehe wa kuzaliwa ilinipitaje? Ni wivu tu.

Kumbe mama alihamishiwa pale. Mdogo wangu alimtambua shemeji yake barabarani, akamkaribisha. Wakaogopa kuniambia.

Nikamuuliza mama kwa nini hakuniita.

"Ulishaapa, ningekuitaje?" akasema, kajifunika tena. "Nilikataa kwa sababu niliona dereva atakulaza njaa. Sasa bakuli linavyorudi limelambwa nimejua, mtu anayekula hivi kwake hakukosi chakula. Nikasema nimlishe mtu wako, labda na wewe utafuata."

Nililia pale nimeshika mwiko. Jioni ile nikausongea ugali jikoni kwa mama.

Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya sabini, Baba Atupele alipata homa. Hakukaa nayo. Alituacha watoto wakiwa bado wadogo, na ile nyumba haikuimba tena.

Mama alikuja Mbeya msibani. Wazee wakamruhusu aage. Akafunua shuka, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye huyu," akasema. "Mwanangu, mimi nilimjua kisogo tu. Siku zote kilikuwa kimechanwa."

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kitana, na bado kinanitoa machozi.

Funzo langu, wakuu: sisemi msishuku. Mimi kushuku ndiko kulikonifikisha kwa mama. Ila ukienda kufumania, tazama kwanza nani kafunika uso, na anamfunikia nani.

Wahehe, Wabena na Wanyakyusa wa humu, siku hizi na wakwe zenu mnaishije? Semeni tusikie. Utani ruksa, matusi hapana. Ule mwiko bado ninao.