Nani Anampokea Abiria wa Pili?

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanja wa ndege nikiwa na viatu vya dada yangu, maana vyangu vilikuwa vimechanika soli na sikutaka kuaibika. Vilinibana tangu natoka nyumbani Pumwani. Msimamizi wa zamu, mtu mfupi mwenye sauti ya mwadhini, alinitazama usoni mara moja kisha akaitazama miguu.

"Wewe ndiye Rukia?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Kazi hii ni ya miguu. Kesho njoo na viatu vyako, hata kama ni vibaya."

Nilikuwa nimeajiriwa kuhudumia wale tuliowaita abiria wa msaada. Hao ni wazee wa viti vya magurudumu, vipofu, watoto wanaosafiri bila mtu mzima, na akina mama wanaosafiri peke yao na mtoto mchanga. Msimamizi alinitembeza jengo zima huku nachechemea nyuma yake. Tulipofika kwenye vizuizi vya chuma, pale jamaa wanaposimama kungoja wageni wao, akanipa kanuni mbili.

"Ya kwanza, mtoto wa abiria hatumbebi. Beba mkoba, sukuma toroli, shika hata sufuria kama amekuja nayo. Mtoto akae kwa mamake."

"Na mama akichoka je?"

"Mtafutie kiti. Ya pili, ukimfikisha abiria hapa, uliza kwa sauti: nani anampokea huyu? Ukijibiwa, wewe nawe unasema: amefika. Kabla ya hapo hajafika, hata kama ndege ilitua jana."

Nikamuuliza kwa nini lazima iwe kwa sauti. Akasema mtu anaweza kutikisa kichwa leo, kesho akakuapia kwamba hakutikisa. Nilicheka, yeye hakucheka.

Nilianzia upande wa safari, kaunta ya kupokea mizigo, chini ya mkuu wa kaunta, mama mmoja mnene aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi mchana kutwa. Huyo ndiye aliyenifundisha kuwapa akina mama viti vya safu ya mbele, ambako kuna ukuta wa kutundikia kitanda kidogo cha mtoto. Alinifundisha pia kuwaambia wamnyonyeshe mtoto ndege inaposhuka, kwa sababu hewa hubadilika na masikio yakaziba, na kule kumeza ndiko kunakoyafungua. Wengi walidhani mtoto analia kwa njaa au kwa jicho la mtu. Baadaye nilihamishiwa darajani, yaani ule ujia mrefu unaounganishwa na mlango wa ndege, kisha wakanipeleka upande wa kuwasili. Nilikaa huko mpaka nywele zikabadilika rangi.

Upande wa kuwasili una kazi ngumu ambayo watu hawaijui. Anayeondoka analia akiwa na watu wake, lakini anayerudi hulia peke yake, mara nyingi msalani, kabla ya kutoka nje. Nimewaona wanawake waliotoka kufanya kazi za nyumba ng'ambo wakipaka poda mbele ya kioo kana kwamba wanakwenda harusini. Nje wanangojewa na ukoo mzima, na ndani ya sanduku hakuna zawadi za kuwatosha. Nilijifunza kungoja mlangoni bila kugonga.

Asubuhi moja tulipata ujumbe kwamba ndani ya ndege ya kutoka Uarabuni kuna mama na mtoto mchanga, yuko peke yake, anahitaji msaada. Nilimngoja darajani. Watu walishuka wote, hata wahudumu wakaanza kukusanya mablanketi, ndipo nikaingia. Nilimkuta ameketi safu ya mbele, msichana mwembamba, mtoto amemfunga kifuani kwa leso. Aliniambia anaitwa Nekesa, kwao ni Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na babake ni fundi wa mabehewa aliyestaafu. Yote hayo aliyasema kabla sijamuuliza. Nilikwisha kumjua mtu anayeongea kwa sababu anaogopa kunyamaza.

Nilibeba mkoba wake. Tulipita uhamiaji bila taabu, tukachukua sanduku kwenye mkanda wa mizigo. Lilikuwa moja tu. Zilipobaki hatua chache kufika mlango wa mwisho, akaomba ambadilishe mtoto nguo. Alimvalisha gauni jipya la njano na soksi zenye maua, kisha akaketi kwenye benchi na hakuinuka tena.

"Mama," akaniambia, "baba yangu yuko hapo nje. Hajui."

"Hajui nini, mwanangu?"

"Kwamba kuna mtoto. Nilimwambia tu narudi."

Halafu yakamtoka mengine. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa huko, na waajiri wake hawakumruhusu kuja kuzika. Tangu siku hiyo babake alikuwa akiongea naye kwa simu kama mtu anayeongea na karani: ndiyo, hapana, haya. Baba wa mtoto hakumtaja, nami sikumchokonoa. Alichotaka ni kimoja. Rafiki yake kutoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga alikuwa anangoja kwenye mlango mwingine, ule wa pembeni. Nimbebe mtoto, nimtoe huko, nimkabidhi huyo rafiki. Yeye atatoka mbele mikono mitupu, aende nyumbani na babake, amzoee kwanza.

"Na mtoto utamchukua lini?"

"Jioni."

"Jioni ya leo?"

Alikuwa akimnyoosha mtoto soksi ambazo zilikuwa zimenyooka tayari. Huruma ilinishika, nawaambia kweli. Kanuni ya kutobeba mtoto ilinipa njia rahisi ya kukataa, ila hata kama isingekuwepo ningekataa. Mtoto anayetolewa kwa mlango wa pembeni siku ya kwanza atarudishwaje kwa mlango wa mbele? Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia kwamba kazi yangu ni kuuliza swali, na nitaliuliza kwa ajili yao wote wawili, na sitaondoka kabla halijajibiwa.

"Akikataa?"

"Akikataa, nitakuwa nimesimama hapo hapo karibu nawe. Kisha tutafute la kufanya."

Akampigia rafiki yake simu, akamwambia asingoje. Tukatoka.

Mzee alikuwa amesimama mbele kabisa, amevaa koti la kahawia na kofia, mkono mmoja umeshika kizuizi cha chuma. Alimwona bintiye, akataka kutabasamu. Kisha akaliona gauni la njano, na uso ukakunjika. Nilisogeza toroli mpaka mbele yake.

"Nani anampokea abiria huyu?"

"Mimi," akasema. "Ni binti yangu."

"Abiria ni wawili, mzee. Nani anampokea wa pili?"

Watu walitupita na masanduku yao, wengine wakikumbatiana, wengine wakipigwa picha. Mtoto akaamka na kuanza kulia, kilio cha mtu aliyechoka na safari.

"Ni wa nani?" mzee akauliza.

"Ni wangu, baba."

"Mama yako tulimzika bila wewe."

"Najua, baba."

"Alikuwa anakuulizia. Kila mlango ukifunguliwa anasema, huyo ni Nekesa."

Nekesa akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Nilitamani kuingilia kati, nimwambie mzee kwamba msichana hakujizuia mwenyewe, alizuiwa. Lakini kazi ilikuwa imenifundisha kwamba ukishauliza, unangoja. Nikashika toroli kwa mikono miwili nikangoja.

"Anaitwa nani?" mzee akauliza, bado hamtazami mtoto.

"Kwa pasipoti ni Grace. La nyumbani hana. Huko hakukuwa na mtu wa kumwitia majina."

Desturi hiyo nilikuwa nimeisikia kwa abiria wengine. Kwao, mtoto mchanga akilia bila kukoma, mkubwa wa nyumba humwitia majina ya jamaa waliotangulia, mmoja mmoja. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana mwenyewe amemtambua. Mzee alisogea mpaka tumbo likagusa chuma.

"Nafula," akaita. Hilo lilikuwa jina la mama wa mzee mwenyewe. Mtoto akaendelea kulia.

"Nasimiyu." Shangazi wa mzee. Mtoto akalia zaidi.

Nekesa aliinua uso akamtazama, na hata mimi mgeni nilitambua kwamba kuna jina limebaki na ni zito kulitamka. Mzee akavua kofia.

"Nanjala," akasema polepole.

Mtoto akapiga ukelele mpaka askari wa mlangoni akageuka. Nikajua sasa mambo yameharibika, mtoto amelikataa jina la marehemu mamake Nekesa hadharani. Nekesa alikuwa ameanza kurudi nyuma.

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, chenye kilio ndani yake, lakini kilikuwa kicheko.

"Ndiye huyo," akasema. "Nanjala gani aliwahi kunyamazishwa na mtu? Nimeishi naye maisha yangu yote, nikajaribu, nikashindwa." Akanyoosha mikono juu ya chuma. "Lete hapa. Mimi nampokea."

Nekesa akamfungua mtoto kifuani, akamvusha. Mimi nikasema neno langu kwa sauti: "Wamefika."

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Fedha, na ndege zinazoshuka hupita juu ya kamba yangu ya nguo mpaka nasikia vyombo vikitetemeka. Vijana wa ploti, majirani tuliopanga pamoja, huniambia siku hizi hakuna haja ya kupokewa, mtu akitua anaita teksi kwa simu, anafika kwake. Siwabishii sana. Niliwaona wengi waliotoka uwanjani na teksi zao, nyuso zao zikiendelea kutafutatafuta mtu kwenye umati. Kazi ilinichosha miguu na mgongo, na kuna siku niliichukia. Lakini nikiulizwa nilikuwa nafanya nini miaka yote ile, nasema nilikuwa nauliza swali moja.

Siku yangu ya mwisho walinikatia keki, meneja wa kituo akahutubia. Baadaye nikaomba nitoke kwa mlango wa abiria, si ule wa wafanyakazi. Msimamizi mpya, kijana wa mtaa wa Umoja niliyemfundisha mwenyewe, akanibebea mkoba. "Mathe, leo wewe ndiye abiria wa msaada," akanitania; mathe kwao vijana ni mama. Nilidhani ni mzaha wa kuagana tu.

Mlango ulipofunguka nikamwona Nekesa kwenye vizuizi; kumbe kijana ndiye aliyemwita, maana tangu siku ile hatukupoteana. Alikuwa na aproni ya kibanda chake cha supu, maana anachukua miguu ya mbuzi soko la Kiamaiko na kupika Makongeni, na bila shaka alikuwa ameacha sufuria motoni. Kando yake alisimama mzee na bakora. Katikati yao kulikuwa na msichana aliyevaa sare ya shule, soksi moja juu, moja chini.

Kijana wangu akasimama, akakohoa, akauliza kwa sauti kama nilivyomfundisha: "Nani anampokea huyu?"

Mzee alifungua mdomo ajibu, lakini msichana akamtangulia. "Sisi!" akapaza sauti, na ukumbi mzima ukageuka.

Mzee akanitazama, akainua mabega. "Si nilikwambia? Huyu hanyamazishwi."

"Haya basi," kijana akasema, akamkabidhi Nekesa mkoba wangu. "Amefika."