Siku Tano za Kumzoesha Delina

Letebrhan alijifunza kufungua na kutengeneza pampu za maji jeshini kwao Eritrea, serikali ilipomwita kwa mwaka mmoja na nusu ikakaa naye miaka kumi. Huku Norwei, programu ya kuwazoesha wageni maisha ya nchi ilimfundisha kushona mito ya viti. Alishona vibaya, akapongezwa sana.

Kwa hiyo karakana ya pampu ng'ambo ya daraja ilipokubali kumpa mafunzo, alicheka peke yake kwenye theluji. Aanze Jumatatu. Mwenye karakana alisema wazi kwamba anayefaa atabaki na ajira. Programu ilikuwa inaisha Juni, na bila mshahara kibali cha ukaazi wa kudumu asahau.

Jumatatu hiyohiyo Delina, bintiye wa miaka miwili, alikuwa anaanza chekechea. Na chekechea ina utaratibu wake: siku tano za kwanza mzazi akae humo ndani, kwenye kiti cha kimo cha sufuria, mpaka mtoto azoee.

"Basi akae baba yake," Letebrhan alimwambia Torunn, ofisa wa programu, siku ya Alhamisi. "Ghirmay ana darasa la leseni ya lori tu. Wiki moja, Torunn."

Torunn akainamisha kichwa kwa huruma. Ukutani nyuma yake palikuwa na bango la baba mwenye ndevu aliyembeba mtoto kifuani. Mume wa Torunn mwenyewe alikuwa na mwezi wa nne nyumbani, akilea.

"Hatupendi kuingilia utamaduni wenu."

"Utamaduni gani? Mpigie umuulize!"

"Tunauheshimu mno," alisema Torunn, na kweli aliuheshimu. "Karakana wanataka jibu kesho saa sita. Nitawaambia huwezi. Jikoni kwa wazee wanatafuta mtu wa kumenya viazi."

Jioni, Letebrhan aliweka shiro, mchuzi wa unga wa dengu, mezani kwa kishindo.

"Wangekuuliza, ungekaa na mtoto?"

Ghirmay aliwaza kwa dhati. "Ningelalamika. Halafu ningekaa. Mbona hawakuniuliza?"

"Nenda asubuhi ukawaambie mwenyewe."

"Asubuhi nina mtihani wa breki, mama Delina. Nikitoka tu, naenda mbio."

Alitoka saa saba, karakana wameshajibiwa. Alifaulu.

Jumatatu Letebrhan alikalia kile kiti, viatu vimevishwa mifuko ya plastiki ya buluu. Viti viwili vya jirani vilikaliwa na akina baba wa Kinorwei, mmoja akiimba wimbo wa sungura kwa sauti nzito. Delina alilia dakika nne. Kisha akaona sanduku la matofali ya mbao, akaenda zake bila kugeuka.

Mwalimu akapiga makofi. "Huyu kazoea siku moja! Mama, uko huru. Unaweza kwenda."

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Niende wapi?" aliuliza Letebrhan.

Mwalimu akacheka. Alikuwa amesikia kwamba wageni hawana utani; kumbe wanao.