Semina ya Dada

Mama aliambiwa dada amekwenda semina. Aliyemwambia ni mimi. Dada mwenyewe hana kipaji cha uongo, akidanganya shingo inamtoka jasho, kwa hiyo kazi chafu za namna hiyo huachiwa mdogo wake. Nikamwambia mama kwenye simu kuwa hoteli inawapeleka wafanyakazi wake wa zamani kujifunza mambo mapya ya usafi, mwezi mzima, na huko huko wanalala. Mama akauliza mtu aliyetandika vitanda miaka yote hiyo bado anafundishwa nini kuhusu kitanda. Nikasingizia mtandao unakatika.

Ukweli ni kwamba dada yangu, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, aliyewahi kuolewa na kuachika, alikuwa amehamia kwenye fleti ya kupanga kwa muda mfupi, yenye vyombo na samani zake, pamoja na mwanamume ambaye si mume wake. Walikuwa wanafanya majaribio. Neno majaribio ni la dada. Nilipolisikia nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Nieleze maslahi yangu mapema, nisije nikaonekana mtu wa roho safi. Dada anaishi kwangu, chumba cha nyuma, tangu ndoa yake ilipovunjika. Mimi nashona nguo, na cherehani yangu imekaa sebuleni katikati ya watu. Watoto wangu wamekutana na nyuzi kwenye chakula mpaka wamezizoea. Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa na mwanga wa kutosha. Dada akiolewa, mimi napata mahali pa kushonea. Sikumtakia mabaya hata kidogo, nilimtakia aondoke salama.

Dada ni mhudumu wa vyumba hotelini, na kazi hiyo imemwingia mpaka kwenye mifupa. Akikaribishwa kwa watu, akienda msalani, anaikunja ncha ya karatasi ya choo pembetatu bila kujua. Ukiweka glasi chini ili upumue, ukigeuka imeshaoshwa. Na kitanda ndipo penye sheria: kitanda alichokitandika hakikaliwi mpaka usiku. Shuka imevutwa, pembe zimekunjwa, mto umepigwa katikati. Thubutu kuweka kalio hapo. Hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja huwa najikuta nimesimama kabla sijajua kilichonisimamisha.

Halafu kuna jambo la vitu vilivyosahauliwa. Mgeni akiacha kitu chumbani, mhudumu anakitia kwenye mfuko, anapiga fundo, kinawekwa stoo. Mwenyewe asipojitokeza, baada ya miezi mitatu kinakuwa cha aliyekiokota. Ndio utaratibu wa hoteli yao. Nusu ya nyumba yangu imetoka kwenye mifuko hiyo: miavuli, chaja za simu ambazo hazijatengenezwa bado, pajama la mtu aliyekuwa na tumbo la kutisha, na meno ya bandia ambayo dada amekataa katakata kuyatupa kwa sababu, anasema, mtu hawezi kuyasahau meno yake moja kwa moja.

Mwanamume naye ana yake. Ni mwalimu wa udereva, mgane, mpole, mwenye masharubu yaliyochanwa. Ameketi miaka mingi kwenye kiti cha abiria cha gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, akiokoa roho za watu. Sasa hawezi kumwona mtu akifanya jambo bila kumwelekeza, na mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila kitu kinapokwenda kasi, hata kama kinachokwenda kasi ni chai inayomiminwa. Nikambandika jina la Breki, likamganda.

Walikutana ndani ya gari hilo. Dada alikata shauri ajifunze kuendesha. Leseni hajaipata mpaka leo, gari linamzimikia kila kona. Lakini siku ya kwanza, somo lilipokwisha, alikung'uta mazulia ya chini, akapangusa usukani, akanyoosha mikanda ya viti vyote, ndipo akashuka. Breki aliniambia baadaye kwamba alibaki peke yake ndani ya gari akinusa ule usafi, moyo ukimdunda kama kijana.

Alipotaka kumwoa, dada alikataa, na sababu yake haikuwa ya mzaha. Mume wake wa kwanza alikuwa mtu wa kupiga vidole. Akitaka maji, anapiga vidole. Akitaka soksi, anapiga vidole. Dada husema alikuwa anatoka kazini anakwenda kazini, tofauti ni kwamba hotelini walimlipa. Alimpenda Breki, hilo nililijua siku nilipomwona ananunua mafuta ya mikono, lakini aliogopa. Akatoa sharti: wakae mwezi mmoja kwanza, mahali ambapo si kwa huyu wala si kwa yule. Kwa Breki bado yananing'inia mapazia aliyoyachagua marehemu. Kwangu nipo mimi. Ndipo wakaitafuta fleti. Ikishindikana, alisema, hatajaribu tena na mwanamume yeyote, atazeekea chumba cha nyuma. Niliposikia hivyo nilibeba mabegi mwenyewe.

Fleti ilikuwa na kila kitu na haikuwa ya mtu. Kuta nyeupe, kochi la kijivu, maua ya plastiki, picha ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine, vijiko vyote vinafanana kama watoto wa shule. Kwenye friji wamebandika karatasi ya masharti. Nyuma ya jiko hakuna hata doa la mafuta. Nilipoingia nilipasifia sana. Sikufikiria kwamba mahali pale pamefanana mno na pale dada anapopatia riziki, na kwamba mikono yake ilikuwa imeshapatambua.

Wiki ya kwanza simu zake zilikuwa za kicheko. Breki anajua kupika, Breki hakoromi sana, Breki amemnunulia kandambili laini zinazofanana na zake. Wiki iliyofuata simu zikawa fupi. Kisha mchana mmoja Breki mwenyewe akatokea kwangu, akaketi kwenye kigoda cha wateja, mguu wake ukikanyaga sakafu kila cherehani ilipokaza mwendo.

Alizunguka mbuyu sana. Akauliza habari za watoto, akasifia kitambaa, akanishauri nipunguze kasi kwenye kona ya kola. Halafu likamtoka. Kwamba asubuhi akiamka kunywa maji, akirudi anakuta kitanda kimeshatandikwa na mto umepigwa katikati, hana pa kurudi. Gazeti akiliacha kochini, halipo. Miwani yake aliitafuta nusu siku akaikuta juu ya kabati, ndani ya mfuko, imefungwa fundo. Na kandambili zake huzikuta mlangoni, zimepangwa sawasawa, ncha zimeelekea nje.

"Shemeji, niambie ukweli," akasema. "Dada yako ananiaga?"

Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo, hata watoto wangu walishawahi kutafuta daftari zao kwenye mifuko.

"Mle ndani sina hata alama. Nikitoka asubuhi, nikirudi jioni ni kama sijawahi kufika."

Nilimhurumia kweli, ingawa jicho moja lilikuwa kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Nikamshauri achafue kitu, aonyeshe kuwa yupo. Maskini alijaribu. Siku iliyofuata aliacha kipande cha mkate mezani kwa makusudi, na makombo yake. Jioni akakikuta kabatini ndani ya mfuko, fundo juu yake.

Dada naye akapiga simu kutoa yake. Breki anasimama nyuma yake jikoni anamwambia apunguze moto, aangalie kulia kwake, asikate kona na sufuria. Juzi alipokuwa anageuka na bakuli la mchuzi alimuuliza mbona hakutoa ishara. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwamba kila siku anamsubiri Breki apige vidole, naye hapigi. Anaosha, anatandika, anafuta, anawahi kila kitu, ili akipiga pasiwe na cha kupigia. Na bado hapigi. Akasema anachoka kusubiri kuliko alivyochoka kutumwa.

Mwisho wa wiki ya tatu wakagombana. Breki akamwambia amechoka kuwa mgeni. Dada akamwambia na yeye amechoka kufundishwa kugeuka. Kama wangerushiana sahani ningefurahi, maana ningejua wako nyumbani, lakini walichofanya ni kuanza adabu. Tafadhali, asante, samahani nipite. Dada akanipigia akaniambia nisihamishe kitu chumbani kwake. Nilikuwa nimeshahamisha. Cherehani ilikuwa dirishani, rafu imepigiliwa ukutani, na ukuta mmoja nimeupaka rangi.

Siku ya kukabidhi funguo nilikwenda kuwasaidia kubeba, moyo mzito kwa sababu mbili, ya kwanza dada na ya pili ile rafu. Mabegi yao yalikuwa yamekaa mbalimbali, la Breki mlangoni, la dada karibu na jiko. Kila mmoja alikuwa anarudi kwake na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kulitamka. Dada alikuwa anasafisha. Mwenye fleti ana mtu wake wa usafi, karatasi ya masharti inasema hivyo, lakini nani amwambie dada. Alianzia kona ya ndani, akawa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na Breki anainua mguu huu, anainua ule, kumpisha na tambara lake. Chumba cha kulala alikimaliza kwa kitanda. Akavuta shuka, akakunja pembe, akapiga mto katikati.

Kisha akasimama mlangoni mwa chumba akakitazama, ule utazamaji wao wa mwisho kabla ya kufunga, wa kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Nami nikatazama juu ya bega lake, na hapo hata mimi niliingiwa na baridi. Hapakuwa na kitu. Watu wazima wawili wamekaa mwezi mzima, wamepika, wamecheka, wamenuniana, na hapakubaki hata unywele.

Breki akaweka begi chini. Akapita juu ya sakafu iliyolowa na viatu vyake, akatupita sisi wawili mlangoni, akaketi kitandani. Hakuketi ukingoni. Aliketi katikati.

Nikaziba mdomo kwa mkono.

"Inuka," dada akasema.

Hakuinuka.

"Inuka, nimeshamaliza. Kuna wageni wengine wanakuja."

"Umesahau kitu," Breki akasema. "Umepita chumba chote, hata miwani yangu umeiokota. Mimi umeniacha."

Nilidhani dada atacheka, au atamrushia tambara. Alisimama tu, tambara linadondosha maji kwenye sakafu yake mwenyewe.

"Mimi sijui kukaa chumbani," akasema. "Najua kukisafisha tu. Nafuta kabla hujaniambia, ili siku utakayoniambia usikute cha kuniambia."

Breki alizijua habari za yule mume wa kwanza. Akainua mikono yake miwili akaitazama, kama anaikagua.

"Vidole hivi havijui kulia," akasema. "Wa kulaumiwa ni mguu, na huo nitaufunga kamba."

Dada akaingia. Akaketi kando yake, juu ya shuka aliyoivuta dakika hiyo hiyo, na nikauona mkunjo unakimbia kutoka chini yake mpaka kwenye mto. Mkono wake ukaenda kuunyoosha, ukafika njiani, ukarudi mapajani. Mguu wa Breki ulikuwa umetulia sakafuni. Mimi nilikuwa nalia, na sikuwa nalilia rafu.

"Utaratibu ni miezi mitatu," dada akasema. "Huenda mwenyewe akajitokeza."

"Huyu hana mwenyewe," Breki akasema.

Nikawakumbusha kuhusu wageni. Hakuna aliyenisikia, nikabeba mabegi peke yangu mpaka chini.

Jioni ile mama akapiga simu kuuliza kama semina imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Akasema vizuri, basi huyo mwalimu wa semina aje amwone. Wanangu wote wawili wakatazama dari, na sijui mpaka leo ni yupi aliyenunuliwa na bibi yake kwa peremende.

Mwalimu wa semina alikwenda, akaonekana, akakubaliwa, na ndoa ikafungwa bila makeke. Ikabaki swali la pa kuishi. Kwake kuna mapazia ya marehemu, fleti ni ya watu, kwa hiyo wakaamua wenyewe, bila kuniuliza, kwamba chumba cha nyuma kina mwanga wa kutosha. Cherehani imerudi sebuleni. Nimepoteza chumba nikapata shemeji anayesimama nyuma yangu na kunionya ninapokaribia kona ya kola. Kola zangu siku hizi zimenyooka, lakini hilo hatalisikia kutoka kwangu.

Jana mchana dada akiwa kazini nilikwenda kutafuta mkasi wangu. Mlango wao ulikuwa wazi. Kitanda hakikuwa kimetandikwa. Shuka ilikuwa imejiviringisha miguuni, gazeti limelala juu ya mto wa dada, na kandambili za Breki, moja chini ya kitanda na nyingine katikati ya chumba, zote zimeelekea ndani. Nikachukua mkasi, nikatoka bila kugusa kitu.