Pankeki za Fundi Timazi

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Timazi, kwa sababu ya kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho fundi hukitumia kujua kama ukuta umesimama wima au umeinama. Bwana huyu ni fundi wa kupiga plasta, na ukuta uliopita mikononi mwake unaweza kuupitishia kiganja kutoka kona hadi kona usikutane na punje. Ukimsifia atakujibu, "Kawaida tu," lakini mtazame usoni uone kama ni kawaida.

Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Akiingia nyumba ya watu huanza kwa kuinyoosha picha ya ukutani, salamu baadaye. Akipewa kiti hukitikisa kwanza. Mkewe, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko sebuleni, humtania kwamba siku moja atamnyoosha na yeye, naye hujibu, "Wewe ulikuja umenyooka, mama." Hilo analisema kila mara na mama hulicheka kila mara.

Huyo mama ndiye hasa mwenye habari hii. Tangu waoane, siku zote za kazi Timazi huondoka wenzake wangali kitandani, akarudi amechoka hoi. Ni Jumapili tu ambapo familia hukaa meza moja asubuhi. Na Jumapili maana yake ilikuwa pankeki za mama: unga mweupe pe, sukari bila huruma, mafuta ya kuogelea. Watoto wakubwa walishaoa na kuolewa, lakini wakipiga simu hawamalizi bila kuzitaja. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, binti wa sekondari ambaye maneno hayamwishi mdomoni.

Basi mama akaenda kupima afya, akakutwa sukari kwenye damu imepanda. Bado si ugonjwa, muuguzi alimwambia, ila umeshafika mlangoni unabisha hodi. Akaambiwa aachane na unga mweupe, ale nafaka ambayo haijakobolewa, sukari aiage, mafuta ayapunguze. Mama alipokea yote bila kulalamika. Jumapili iliyofuata akapika pankeki kama kawaida, akawaandalia wenzake meza, halafu yeye akachukua yai lake la kuchemsha akaenda kulila kwenye cherehani, kawapa mgongo.

"Mama, njoo basi," binti akamwita.

"Kuleni tu. Mimi niko sawa huku."

Hakuna aliyekula vizuri siku ile. Timazi alitafuna pankeki moja kwa muda mrefu, ikawa kama anatafuna pamba. Jumapili iliyofuata mama hakupika kabisa. Alisema hamu imemwisha, akakirudisha kikaango kabatini, na kila mtu akanywa chai yake kwa wakati wake. Meza ikageuka kuwa ya kuwekea vitambaa vya wateja.

Hapo ndipo Timazi alipokatwa maini. Habari ya sukari wangehangaika nayo wakisaidiana na muuguzi, lakini mke wake kujitenga na meza yake mwenyewe, kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa, hilo hakuliweza. Akaapa kimoyomoyo kwamba atamrudisha kwenye kiti chake, akala naye pankeki, hata ikibidi aingie jikoni yeye. Na mjue kwamba mtu huyu alikuwa hajawahi kukaanga hata yai. Jikoni alikuwa anaingia kuangalia kama rafu zimenyooka.

Alifunga safari mpaka kwa yule muuguzi, kofia mkononi. Muuguzi akamweleza bila haraka: unga wa ngano usiokobolewa, mayai, maziwa yasiyo na mafuta mengi, kipande cha ndizi mbivu badala ya sukari, mdalasini akitaka, mafuta ya kupangusia kikaango tu, na mama asile nyingi kwa mpigo. Timazi akatoka pale kifua mbele, kama mtu aliyekabidhiwa ramani ya ghorofa.

Jumapili akadamka. Akamimina unga kwenye bakuli kubwa, akauangalia, akakunja uso. Unga ulikuwa na vichengachenga vya kahawia, vingine vikubwa kabisa. Sasa wewe ambaye hujawahi kupiga plasta huwezi kujua kilichompata. Mtu ambaye tangu ujana wake hajachanganya mchanga bila kuuchekecha, kwa sababu punje moja tu ikipita chini ya mwiko inachora ukuta mzima, unamwekea mbele unga wa namna hiyo unategemea nini? Akafungua kabati, akatoa chekeche la mkewe, akachekecha. Akauangalia tena, hakuridhika, akachekecha mara ya pili. Yale makapi yaliyobaki juu akayakusanya kwenye mfuko, akatoka nje akamwachia jirani anayefuga kuku.

Pankeki zikatoka laini, za mviringo, zote unene mmoja. Mama alipotoka chumbani alikuta vitambaa vimekunjwa vizuri kwenye kochi, meza imefutwa, na mumewe kajifunga aproni ya maua. Alishika mdomo kuzuia kicheko.

"Hizi ni za ule unga nilioambiwa?"

"Ule ule, mama. Nimemuuliza muuguzi mwenyewe. Kaa ule."

Mama akavuta kiti. Akala moja akafumba macho, akala ya pili. "Baba, leo umetuweza!" binti akasema, na Timazi akajibu ni kawaida tu. Kesho yake kazini hakukuwa na raha. Wenzake walilazimika kusikiliza habari za pankeki kuanzia msingi hadi paa, mpaka mmoja akamwuliza kama bado anapiga plasta au ameshafungua mkahawa.

Mambo yakaenda hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka mama aliporudi kupima. Sukari ilikuwa pale pale, haikushuka hata kidogo. Muuguzi akamdadisi anakula nini, mama akaapa kwamba anafuata kila alichoambiwa, na pankeki zenyewe ni za unga usiokobolewa. Muuguzi akamtazama kwa jicho la kutoamini. Mama akarudi nyumbani kainamisha kichwa, na nje ya mlango akakutana na jirani.

"Afadhali nimekuona," jirani akasema. "Mwambie mzee nashukuru sana kwa zile pumba. Kuku wangu wamenona, wanameremeta!"

"Pumba gani, jirani?"

"Si hizi anazoniletea kila Jumapili asubuhi?"

Mama akaingia ndani, akapitiliza hadi uani. Timazi alikuwa anaosha miko yake ya kazi kwenye ndoo.

"Baba, hebu niambie. Ule unga wa pankeki huwa unaufanyaje?"

"Nauchekecha," Timazi akasema kwa madaha. "Tena mara mbili. Unadhani zinakuwaje laini vile?"

Mama akatafuta pa kukaa. Alitaka kukasirika, na alikuwa na kila haki, lakini kicheko kikamtangulia, na machozi yakafuata nyuma yake.

"Baba watoto! Hizo pumba ndiyo dawa yenyewe! Mimi unanilisha unga mweupe, afya yangu wanakula kuku wa jirani!"

Binti, aliyekuwa anajisomea dirishani, aliangusha kitabu kwa kucheka. Timazi hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi, maji yanamchuruzika hadi kiwikoni, aibu imemjaa. Alikuwa amemlisha mkewe kile kile alichokatazwa, tena kwa kujidai, tena kaaproni kanamning'inia kiunoni. Kama ardhi ingepasuka angeingia na ndoo yake.

"Basi tuyaache," mama akasema baada ya kujifuta uso, sasa kwa upole. "Umehangaika vya kutosha. Mimi na yai langu tumeshazoeana."

Maneno hayo yalimchoma kuliko vile vicheko. Angepigiwa kelele angejua pa kuanzia, lakini mkewe alikuwa amekata tamaa bila ugomvi, na Jumapili iliyofuata cherehani ilikuwa imefunguliwa na yai liko kwenye sufuria. Timazi akapiga moyo konde, akaingia jikoni peke yake na unga mpya.

Safari hii hakuchekecha. Mikono ilimwasha, chekeche lilimtazama kutoka kabatini, lakini akajikaza. Akachanganya unga na pumba zake zote, mayai, maziwa na ndizi aliyoiponda, na hapo hapo akamimina kikaangoni, kwa sababu kazini mchanganyiko haungojwi. Ukishatia maji kwenye saruji unapiga kazi, ukizubaa inakugandia. Zikamkatikia. Akigeuza upande mmoja, mwingine unabaki chini. Nje zimeungua, ndani mbichi, na pumba zinatapakaa kila mahali. Alivila vipande vile mwenyewe, amesimama, bila kumwita mtu, akavimaliza vyote kwa ukaidi mtupu. Mama kule sebuleni alisikia kijiko kinagonga sahani, akaendelea kushona.

Jumapili nyingine akarudi tena. Amechanganya, amepangusa kikaango kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, amewasha jiko, moto ukatoa mlio mmoja ukazimika. Gesi imekwisha. Ilibidi abebe mtungi begani hadi dukani, akakuta mwenye duka ndiyo kwanza anatafuta funguo, akamsubiri afungue huku akisimuliwa habari za jana, akarudi na mtungi mwingine anahema mpaka basi. Kuangalia bakuli, rojo limekuwa zito, limejaa, limetulia.

Timazi akaguna. Kazini mchanganyiko uliokaa hivyo haukorogwi tena. Unaumwaga, kisha unamgombeza aliyeuchelewesha. Akalinyanyua bakuli kulipeleka kwenye pipa la taka, halafu akakumbuka kwamba mfuko wa unga ni mtupu, na hii ni Jumapili, na mama ameshachemsha yai. Akaongeza maziwa kidogo, akakoroga, akamimina rojo la pankeki moja huku amejiandaa kuaibika.

Haikukatika. Aliisubiri, akapenyeza mwiko chini yake, akageuza, ikageuka nzima nzima. Akaibonyeza kwa kidole, ikanyanyuka. Pumba zilikuwa zimekunywa maziwa zikalainika, ndizi imeungua kidogo pembeni na kunukia, na hakukuwa na ubichi popote. Akapika ya pili, nayo ikakubali. Timazi aliyatazama mambo hayo mdomo wazi. Miaka yote aliyokaa na saruji hakuwahi kuona mchanganyiko unaotengemaa kwa kungojwa.

Ila kwa sura, jamani, zilikuwa na madoadoa, uso wake ni wa mparuzo, na moja ilikuwa imeota nundu upande mmoja. Akashika kisu ili aikate nundu iwe duara. Akakisogeza karibu, akaiangalia ile pankeki, akakirudisha kisu mahali pake. Ukuta ni wa kutazamwa na wapita njia, akajiambia. Hii ni ya mama watoto.

Akaziweka mbili kwenye sahani, akaenda sebuleni akaiweka mezani mbele ya kiti cha mkewe. Mama alikuwa kwenye cherehani anamenya yai.

"Sijachekecha," Timazi akasema. Hakuongeza neno.

Mama aligeuka. Aliiangalia sahani, akamwangalia mumewe aliyekuwa na unga kwenye nyusi na alama ya mtungi begani. Akainuka na yai lake mkononi, akaja akakaa. Akaimega ile yenye nundu, akaona vichengachenga vya kahawia ndani, akatia mdomoni. Alitafuna taratibu. Binti kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza bila kuambiwa.

"Zinakwaruza kidogo," mama akasema.

"Najua, mama. Najua."

"Ziache zikwaruze." Akamega tena, kipande kikubwa zaidi. "Nzuri, baba. Kweli kabisa. Kaeni basi, nile peke yangu kwani mimi ni mgonjwa?"

Binti alivuta kiti mbio. Timazi alirudi jikoni kuchukua sahani zao, na akiwa huko akasikia simu ya mama inaita. Alikuwa dada yake mkubwa, ambaye kila Jumapili hupiga akitaka kuongea mpaka chaji iishe.

"Dada, siwezi kuongea sasa hivi. Niko mezani," mama akasema. Akasikiliza kidogo. "Nakula pankeki. Ndiyo, pankeki, na ninaruhusiwa! Zina pumba zake zote... Nani apike? Mume wangu. Si utani, mume wangu huyu huyu wa plasta."

Sauti yake ilikuwa juu, ya mtu anayetaka mtaa mzima usikie. Timazi alisimama katikati ya jikoni na sahani mbili mkononi, anaona fahari ambayo hakuna ukuta uliowahi kumpa. Alingoja atulie kidogo ndipo atoke, wasimwone macho.

"Nikuwekee?" mama alikuwa anacheka sasa. "La, dada. Miaka yote nimewapikia nyinyi. Hizi nimepikiwa mimi."